Randa, patasi na jiliwa za mkono wa pili: mwongozo kamili wa kununua Nairobi na kuzifufua

Wengi wanaonunua randa kuukuu Gikomba huanza na jambo moja: wanatafuta grinda yenye brashi ya waya, wanaing'arisha randa mpaka inawaka, kisha wanaipitisha juu ya mbao. Inaruka, inachimba, mdomo (upenyo ambamo maranda hupita) unaziba. Hapo mtu huamua kwamba aliuziwa takataka.

Mara nyingi randa haina kosa. Kutu ya juu juu haizuii kisu kukata. Kinachozuia ni makali yaliyoungua, mgongo wa kisu usionyooka, na uso wa chini uliopinda. Grinda haitengenezi hata kimoja kati ya hivyo, na cha kwanza ndiyo inayokileta.

Mwongozo huu ni wa vifaa vitatu ambavyo watu huvikosea zaidi: randa ya chuma, patasi na jiliwa, ambayo mafundi wengi huiita vaisi. Vya umeme nitavigusa mwishoni kwa ufupi, kwa sababu ushauri wangu kuvihusu ni mfupi.

## Vitu vya kuwa navyo

Vya kwenda navyo sokoni:

- rula ya chuma ya sentimita 30
- tupa ndogo
- kichupa cha mafuta ya taa, kitambaa na kipande cha chaki
- tochi ya simu

Vya kazi nyumbani:

- siki nyeupe lita kadhaa, na beseni la plastiki
- magadi, yale yale ya kupikia
- brashi ya waya ya mkono
- msasa wa maji namba 80, 120, 240, 400, 1000 na 2000
- kipande cha kioo kinene, milimita 10, kirefu kuliko randa yako
- oili nyepesi ya cherehani, grisi, mafuta ya taa
- mkanda wa ngozi uliochakaa
- kalamu ya wino mzito
- glavu, miwani ya kinga na barakoa

Msasa wa maji usiuhangaikie kwenye hadwea ya mtaani, ambako mara nyingi utapata namba mbili tu. Nenda kwa wanaouza rangi za magari, Kirinyaga Road (wengi bado wanaiita Grogan) au duka lolote linalohudumia wapaka rangi wa magari. Kioo, muulize muuza vioo kama ana kipande kilichobaki cha meza. Cha dirisha ni chembamba, kinapinda ukikikandamiza, na ukinolea juu ya kitu kinachopinda utapata chuma kilichopinda.

## Hatua ya 1: Chagua pa kwenda

Kamukunji na Gikomba ziko jirani, lakini bidhaa hazifanani. Kamukunji ni ya mafundi wa jua kali: patasi, tezo na nyundo nyingi utakazokuta huko ni mpya, zimefuliwa kutokana na vyuma chakavu kama springi za lori. Chuma cha springi ni kizuri, usikidharau. Tatizo ni kwamba hujui kilipozwaje baada ya kufuliwa, kwa hiyo patasi mbili kutoka mkono mmoja zinaweza kutofautiana kabisa.

Vifaa kuukuu vya kiwandani, vilivyogongwa majina kama Stanley, Record au Marples na neno Sheffield (mji wa Uingereza wa viwanda vya chuma), hutokea Gikomba upande wa mbao na vyuma, na kwa wauza vyuma chakavu wa Kariobangi Light Industries. Jina lililogongwa ndani ya chuma ni dalili nzuri kuliko stika au rangi, ingawa nalo si kiapo.

Nenda asubuhi, siku ya kazi. Jioni giza la vibanda huficha nyufa, na Jumamosi hupati nafasi ya kukagua kitu huku unasukumwa na mikokoteni.

Onyo: kifaa kilichosagwa namba yake, au chenye jina la shule au kampuni lililofutwa nusu, kiache. Kifungu cha 322 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kinamshughulikia anayepokea mali ya wizi, na kifungo chake kinaweza kufika miaka 14. Lipa kwa M-Pesa ili ubaki na rekodi ya siku, saa na jina la aliyepokea.

## Hatua ya 2: Kagua kabla ya kutaja bei

Hapa ndipo pesa hupotea au kuokolewa, kwa hiyo usiharakishe.

### Randa

Anza na mwili. Randa nyingi za chuma ni za kasti, yaani chuma kilichomiminwa kwenye kalibu, na kasti ikianguka sakafuni hupasuka badala ya kupinda. Wauzaji wengi huzipaka oili chafu ya injini. Huenda ni kwa ajili ya kutu tu, lakini oili hiyo hufunika nyufa vizuri sana.

Jaribio lake ni hili. Pangusa oili. Paka mafuta ya taa pembeni mwa mdomo na kwenye kuta zote mbili za randa. Subiri dakika chache, kausha kabisa kwa kitambaa, kisha sugua chaki mpaka chuma kiwe cheupe. Kama kuna ufa, mafuta yaliyoingia ndani yatarudi nje taratibu na kuchora mstari mweusi mwembamba juu ya chaki. Utauona ukitokea mbele ya macho yako. Mstari ukianzia kwenye pembe ya mdomo, rudisha randa mezani.

Sasa weka rula kwa urefu kwenye uso wa chini na uinue kuelekea mwanga. Mwanga kidogo katikati ya sehemu ya nyuma hausumbui. Mwanga mbele ya mdomo ni kazi nyingi, kwa sababu sehemu hiyo ndiyo inayokandamiza mbao kabla kisu hakijaikata.

Mwisho, toa kisu. Pima chuma kilichobaki kati ya makali na mwanzo wa tundu refu la katikati. Kikibaki chini ya milimita 20, unanunua randa inayohitaji kisu kingine. Tazama pia rangi: doa la bluu au zambarau karibu na makali ni alama ya grinda, na chuma hapo kimelegea.

### Patasi

Pitisha tupa polepole karibu na makali. Ikiteleza au ikikwaruza kidogo tu, chuma ni kigumu. Ikizama na kutoa unga kama inayokula nondo, chuma hakishiki makali, hata ukinoa mpaka Krismasi.

Kisha geuza ukague mgongo, ule upande bapa. Mashimo ya kutu karibu na makali ndiyo ugonjwa mkubwa wa patasi kuukuu. Makali ni mahali nyuso mbili zinapokutana, na uso mmoja ukiwa na mashimo, makali yatakuwa na mapengo kila unaponoa. Mashimo yakiwa sentimita 3 nyuma, puuza. Yakiwa ndani ya sentimita 1 na yana kina, acha.

Mpini uliovunjika usikutishe. Ni sababu nzuri ya kushusha bei.

### Jiliwa

Fungua mdomo wote, kisha ushike na uutikise. Kuchezacheza kidogo ni kawaida. Halafu funga ukitazama parafujo: meno yawe na vilele bapa au vya mviringo. Yakiwa makali kama ya msumeno, yamelika na yataruka ukikaza. Tumia chaki na mafuta ya taa shingoni, na ukiona alama ya kuchomelea mahali popote kwenye mwili wa kasti, shukuru muuzaji uondoke. Kasti iliyochomelewa ovyo hupasuka tena pembeni mwa mshono.

## Hatua ya 3: Bei

Kanuni yangu: bei ya kifaa, ukijumlisha msasa, siki na nauli, isizidi nusu ya bei ya kipya cha ubora ule ule. Ikizidi, nunua kipya. Kazi ya kufufua ni saa kadhaa za mikono yako, na saa hizo zina bei.

Usimwambie muuzaji kwamba kifaa ni kibovu. Anajua, na utamuudhi. Mwonyeshe.

"Mzee, hii unaniachia ngapi?"

"Wewe sema, boss. Hiyo ni ya Mwingereza."

"Naona. Lakini kisu kimebaki hapa tu, na mpini una ufa. Nitatafuta kisu kingine."

Hapo bei hushuka yenyewe, au mzee anainama chini ya meza na kutoa kisu cha pili. Nimeona yote mawili. Ukinunua vitu vitatu kwa mtu mmoja unapata unafuu kuliko kubembeleza juu ya kimoja.

## Hatua ya 4: Fungua vyote

Piga picha kwa simu kila unapotoa kipande. Parafujo iliyoganda usiilazimishe: weka mafuta ya taa yaliyochanganywa na oili nyepesi, gongagonga kichwa chake kwa nyundo ndogo, na uiache usiku kucha. Bisibisi iwe na upana sawa na mfereji wa parafujo. Nyembamba itaula mfereji, na randa za zamani zina meno yasiyo ya kawaida, kwa hiyo parafujo mbadala hutaipata kirahisi.

Onyo: kifaa kilicholowa mafuta ya taa usikipeleke karibu na jiko kwa nia ya kukipasha.

Umefaulu ukiwa na vipande vyote vikavu mezani, na vya mbao na shaba viko pembeni peke yao.

## Hatua ya 5: Ondoa kutu

Osha kwanza kwa sabuni ya unga na maji moto. Siki haipiti kwenye oili, na ndiyo maana wengine hutoa chuma chenye mabaka.

Zamisha vipande vya chuma tu ndani ya siki. Visielee, visitokeze nje, maana mstari wa maji hula chuma na kuacha kovu. Vya shaba na vyenye zinki visiingie. Baada ya saa 6, toa kimoja ukisugue kwa brashi ya waya ya mkono. Kutu ikitoka kama tope jeusi, siki imefanya kazi. Kama bado, rudisha, lakini usipitishe saa 24. Siki ikimaliza kutu huanza kula chuma chenyewe.

Kisha suuza kwenye maji yenye magadi, vijiko viwili kwa lita. Magadi huua asidi iliyobaki kwenye vishimo. Ukiruka hatua hii, kesho asubuhi chuma kitakuwa cha rangi ya chungwa. Kausha papo hapo kwa kitambaa, weka juani au karibu na joto, na ukipake oili kingali na uvuguvugu. Mwezi wa Aprili au Novemba, Nairobi ikiwa na mvua, kutu mpya huja haraka sana, basi usizamishe vitu usivyoweza kuvikausha siku hiyo.

Onyo: siki na Jik zisikutane, hata ndani ya beseni ambalo halijasuuzwa. Hutoa gesi ya klorini. Na kama rangi ya zamani inabanduka, usiisugue ikiwa kavu: inaweza kuwa na madini ya risasi. Ilowanishe, vaa barakoa, na watoto wakae mbali.

Umefaulu chuma kikiwa cha kijivu kisichong'aa. Mng'ao si lengo. Rangi hiyo ya kijivu inaachwa hivyo hivyo.

## Hatua ya 6: Nyoosha uso wa chini wa randa

Rudisha kisu ndani ya randa, kivute juu kisiguse, na ukaze kifuniko chake kama utakavyokaza wakati wa kazi. Mkazo huo hupinda mwili kidogo, na ukinyoosha randa tupu utanyoosha umbo ambalo halitakuwepo siku ya kupiga randa.

Bandika msasa namba 80 juu ya kioo. Chora mistari ya wino kukata uso wote wa chini. Sukuma randa mbele na nyuma ukiishika chini, karibu na kioo. Ukishika vishikio utaiyumbisha na kuufanya uso kuwa wa mviringo. Kila baada ya misukumo kumi na kitu, geuza utazame wino.

Wino lazima ufutike mahali patatu: ncha ya mbele, ukanda ulio mbele ya mdomo, na kisigino. Ukibaki katikati ya nyuma, uache. Endelea na namba 120, kisha 240, uishie hapo. Wapo wanaofika 2000 ili wajione usoni. Mbao haijali.

## Hatua ya 7: Kisu na patasi

Hii ndiyo hatua inayoamua yote, na ni ile ile kwa vifaa vyote viwili.

Mgongo kwanza. Weka upande bapa juu ya msasa namba 120 ulioloweshwa maji, ukikandamiza kwa vidole sentimita 2 au 3 za mwisho tu. Usiinue mkia hata unywele mmoja. Endelea 240, 400, 1000, 2000. Ukiwa tayari utaona ukanda unaong'aa mfululizo hadi kwenye makali, bila kivuli pembeni. Hapa tu ndipo mng'ao una maana. Huhitaji kuurudia maishani mwa kisu, labda kikibenduka.

Mteremko wa makali. Nyuzi 25 zinafaa, na ncha yenyewe nyuzi 30. Huhitaji kipimo cha pembe. Urefu wa mteremko ukiwa mara mbili ya unene wa chuma, hizo ni nyuzi 30. Patasi yenye unene wa milimita 4 basi: mteremko wa milimita 8 ni nyuzi 30, na wa karibu milimita 9.5 ni nyuzi 25.

Kama makali yamemeguka na lazima utumie grinda, shika chuma kwa vidole vitupu karibu na makali. Gusa jiwe sekunde mbili, zamisha majini, rudia. Vidole vikiona joto, umechelewa kuzamisha. Chuma cha patasi huanza kubadilika rangi kuwa ya majani makavu kwenye nyuzi joto 220 hivi, na kikifika bluu, karibu 300, kimelegea pale. Maji hayarudishi ugumu ulioondoka. Itabidi usage mpaka uimalize sehemu ya bluu, polepole.

Onyo: grinda bila kinga yake usiiwashe, hata kama fundi aliyekukodisha anacheka. Miwani pia, hasa kwa brashi ya waya, maana nyaya zake hukatika na kuruka.

Kisha nenda kwenye msasa namba 400. Noa mteremko mpaka usikie kwa kidole, upande wa pili, uzi mwembamba wa chuma uliojikunja. Uzi huo lazima uwepo upana wote. Usipousikia kwenye kona moja, hujafika kwenye kona hiyo. Huu ndio upungufu ninaokutana nao zaidi: mtu anahesabu misukumo badala ya kutafuta uzi. Ukiupata, pita 1000 na 2000, geuza ulalishe mgongo mara moja mbili kuukata uzi, halafu vuta kisu kinyumenyume juu ya mkanda wa ngozi.

Umefaulu ukichukua kipande cha saipresi na kukata kichwa chake, pale nyuzi za mbao zinapoishia, kwa kusukuma patasi kwa mkono tu. Uso uliokatwa uwe laini, wenye mng'ao kidogo. Makali mabovu huziponda nyuzi hizo na kuacha vumbi jeupe. Watu hujaribu kwa mbao ngumu wakidhani ndiyo mtihani, kumbe mbao laini ndiyo inayofichua.

## Hatua ya 8: Unganisha randa na uijaribu

Mteremko wa kisu utazame chini, na kibamba cha juu, kile chuma kinachofungwa pamoja na kisu, kikae upande bapa. Randa nyingi "mbovu" nilizoletewa zilikuwa na kisu kilichogeuzwa. Ncha ya kibamba ikae milimita 1 nyuma ya makali; kwa mbao yenye nyuzi zilizosokotana, nusu milimita. Tazama muungano wao kwenye mwanga: ukiona mwanya, noa ncha ya kibamba juu ya kioo, la sivyo maranda yataingia humo na kuziba mdomo.

Anza kisu kikiwa ndani kabisa. Sukuma randa juu ya mbao huku ukishusha kisu robo ya mzunguko kila mara, mpaka kishike. Maranda yakitoka manene upande mmoja, sogeza wenzo wa pembeni kuelekea upande huo huo, kidogo.

Umefaulu maranda yakitoka marefu, membamba ya kupitisha mwanga, na sauti ikiwa moja kuanzia mwanzo wa ubao hadi mwisho. Sauti ya kukatika-katika inamaanisha kisu kimelegea au kiti chake kina uchafu.

## Jiliwa na mipini

Jiliwa haihitaji mengi. Ichambue, ioshe kwa mafuta ya taa, piga meno ya parafujo na nati yake brashi mpaka mchanga wote utoke, weka grisi mpya. Mchanga uliochanganyika na grisi ya zamani ndio uliokuwa unakula meno. Funga kwa bolti zinazopenya meza yote, si skrubu za mbao.

Mpini utengeneze kwa mbao ngumu iliyokauka. Mutamaiyu (mzeituni mwitu) ukiupata ni bora, mkaratusi mkavu unatosha, saipresi hapana. Nyuzi zikimbie kwa urefu wa mpini. Ukipaka mafuta ya linsidi, kitambaa ulichotumia kitandaze nje kikauke au kizamishe majini. Kikikunjwa na kuachwa kwenye kona, kinaweza kujiwasha moto chenyewe.

## Kuhusu vya umeme

Soma kibandiko kabla ya kitu kingine. Kenya tunatumia volti 240. Drili na grinda nyingi kutoka maeneo ya ujenzi ya Uingereza ni za volti 110, nazo hutambulika kwa plagi nene ya njano. Za Japani ni volti 100. Kama plagi imeshabadilishwa kuwa ya pini tatu za mraba, hiyo si dalili kwamba mota nayo imebadilishwa. Kibandiko kikiwa kimebanduliwa, usinunue bila kuona kifaa kikifanya kazi dakika tano hapo hapo.

Cheche chache kwenye kaboni ni za kawaida, na kaboni hubadilishwa kwa pesa kidogo. Duara zima la moto, au harufu ya vanishi inayoungua, ni mota inayotaka kusukwa upya. Mashine kubwa za useremala nyingi zinahitaji umeme wa fezi tatu. Hakikisha unao kabla ya kulipa mkokoteni wa kuibeba.